Chumba Kilichozeeka kwa Wiki Moja

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka na alama ya springi mgongoni, upande wa kushoto. Jana ilikuwa kulia. Kochi letu la sebuleni lina haki, halipendelei upande.

Tangu mama mkwe ahamie kwetu na magoti yake mabovu, yeye na mke wangu wanalala kitandani, mimi nalala kochini. Sinung'uniki. Magoti ya mama mkwe ni ya kuheshimiwa. Lakini kitanda ni changu, na mke ni wangu, na ninawakumbuka wote wawili.

Ndiyo maana nyuma ya nyumba kumesimama chumba. Kuta zimepanda, mabati yamelala juu, fundi anamalizia lipu. Chumba kizuri. Hakina kibali, lakini kwa kukitazama tu huwezi kujua.

Kuhusu kibali: nilikwenda halmashauri nikaambiwa nilete ramani iliyochorwa na mtaalamu, niweke maombi, halafu nimsubiri mkaguzi aje autazame msingi kabla sijamwaga zege. Nikajiuliza ndani ya shimo mkaguzi ataona kitu gani ambacho fundi wangu hakukiona. Tukamwaga zege Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa. Mke wangu aliponiuliza habari za kibali nilimwambia mambo yanakwenda. Sikudanganya. Yalikuwa yanakwenda.

Tatizo ni jirani. Tunamwita Futi, kwa sababu hatoki nje bila futi yake ya kupimia, na amewahi kupima kivuli cha mti wangu kilipovuka ukuta. Tangu tuanze kuchimba yuko juu ya ngazi yake, simu mkononi, anapiga picha. Nampungia mkono. Mtu akipiga picha kazi yako, maana yake ameipenda.

Jumatano, 6 Machi

Hakuipenda.

Leo nimekuta karatasi imebandikwa getini. Mkaguzi wa majengo atakuja Jumatatu kuona ujenzi unaoendelea bila kibali. Mke wangu aliisoma, akaikunja vizuri, akanipa, akaingia jikoni. Afadhali angefoka. Mama mkwe akauliza kama chumba chake kimepata matatizo. Nikamwambia hapana mama, wanakuja kukisalimia tu.

Nikaenda halmashauri kukisoma kitabu cha kanuni pale kaunta. Kizito, na kila ukurasa una la kukataza: umbali kutoka mpaka wa jirani, upana wa dirisha, njia ya kutokea moto ukizuka. Nilishaanza kusinzia nilipofika kwenye aya moja tamu kama asali. Jengo lililokuwepo kabla ya kanuni kuanza kutumika halihitaji kibali. Linaandikishwa tu, basi.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Chumba changu kimekuwepo tangu zamani. Kilichobaki ni kukifanya kionekane hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Kuzeesha chumba ni kazi kuliko kukijenga.

Kwanza nilimwambia fundi aache kulainisha lipu na badala yake aibomoe kwenye pembe. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Akauliza kama nimelala. Nikamwambia kochini. Mwishowe nyundo nikaishika mwenyewe, yeye akageukia ukuta wa jirani ili asione.

Kisha rangi. Nilichemsha majani ya chai sufuria nzima, nikaumwagia ukuta chai ya rangi kuanzia juu. Michirizi ikashuka kama ya mvua ya miaka mingi. Kisha mtindi. Ndoo moja ya mtindi ukiikoroga na udongo na kuipaka ukutani, kuvu inaota yenyewe. Nimewahi kusikia hivyo mahali fulani. Harufu yake sikuwa nimeisikia.

Mabati mapya nimebadilishana na mnunuzi wa vyuma chakavu, akanipa yake yenye kutu. Alifurahi sana huyo bwana. Alinipa mkono mara mbili, na alipofika getini akarudi kunipa tena.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni muda wote, miguu juu ya kigoda. Akasema marehemu mume wake alikuwa akipaka nywele dawa nyeusi kila sikukuu, kwa hiyo kitu cha zamani kufanywa kipya ameshakiona. Kipya kufanywa cha zamani, leo ndiyo mara yake ya kwanza.

Jumamosi, 9 Machi

Kuvu imeota! Kijani, laini, hasa chini ya dirisha. Nimeitazama kwa muda mrefu, nikajisikia kama mzazi.

Lakini ukuta ulikuwa bado na kiburi cha ujana. Nikachukua msumari na kipande cha mkaa, nikachora ufa kuanzia pembe ya dirisha hadi chini. Ufa mzuri ajabu. Una kona tatu na tawi dogo pembeni. Nilimwita fundi auone. Akautazama, akafungasha mwiko na pimamaji yake, akasema anaomba nisimtaje mahali popote, maana ana familia.

Mke wangu nimemwomba Jumatatu aseme chumba tulikikuta. Amesema hasemi uongo na hasemi ukweli, atakuwa sokoni. Mama mkwe ameahidi kunyamaza. Amesema kwa umri wake watu hawashangai asiposikia swali. Kisha akauangalia ufa wangu, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, wenzako huambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umejenga ukuta, ukaenda kuutafutia ufa."

Nilicheka sana. Mama mkwe ana maneno. Nguo zake ameshazipanga sandukuni tayari kuhama. Jumatatu usiku, kitandani!

Jumatatu, 11 Machi

Kochini.

Mkaguzi alikuja asubuhi, mtu mpole, kofia ngumu ya njano na nyundo ndogo ya kugongea kuta. Aliomba aonyeshwe jengo jipya. Nikamwambia kwa huzuni kwamba sina jengo jipya, nina hiki kibanda cha tangu enzi. Akakizunguka. Akagonga hapa, akagonga pale, kutu ikamwangukia begani. Akanusa. Akaomba radhi kwa usumbufu, akasema aliyetoa taarifa ni wazi hajui kutofautisha jengo jipya na la zamani. Nilimwangalia Futi juu ya ngazi yake. Kinywa wazi! Nakiri nilimkonyeza.

Mkaguzi akaendelea kusifu. Akasema ni nadra siku hizi kuona jengo la umri huu bado limesimama. Akapitisha kidole hewani kuufuata ufa, kona zote tatu, mpaka kwenye tawi. Nilikuwa nakaribia kumwambia ni kazi ya nani.

Halafu akafungua mkoba, akatoa kopo la rangi nyekundu na brashi. Akachora X kubwa ukutani, na chini yake akaandika BOMOA.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa pole. Jengo la zamani halihitaji kibali, ni kweli, lakini likichakaa kiasi hiki ni hatari kwa wakazi na lazima lishushwe kabla mwezi haujaisha. Nikamwambia chumba ni imara. Akanionyesha ufa. Nikamwambia ule si ufa. Akasema wenye nyumba wote husema hivyo.

Mama mkwe, aliyeahidi kunyamaza, alinyamaza. Ila aliitazama ile X, kisha akalitazama sanduku lake, na machozi yakamlengalenga. Hapo kweli niliumia. Mkaguzi naye akaniasa kwamba mzee kama huyu apewe kitanda kilicho bora ndani ya nyumba.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda ofisini kwa mkaguzi kuungama. Nimemwambia chumba kina umri wa mwezi mmoja, nimekijenga bila kibali, na kuvu ni mtindi. Nilitegemea atakasirika. Alicheka kwa upole na kunipa maji ya kunywa. Akasema mtu anayekaribia kubomolewa husema lolote, ila kama nina shahidi nimlete.

Nikamfuata fundi. Fundi akaniambia hanijui. Nikamkumbusha zege la Jumapili. Akasema kwa jinsi chumba kilivyo sasa, akikiri kukijenga hatapata kazi hata ya kujenga banda la bata.

Mke wangu amezungumza nami leo, mara ya kwanza tangu jana. Amesema chumba kile ni cha mama yake, si mchezo wangu, na kama kuna mtu mmoja aliyeona kila tofali likipanda mimi namjua. Namjua. Nimeshindwa kumaliza chakula.

Jumatano, 13 Machi

Kwa Futi. Mwenye shida hachagui mlango.

Alinikaribisha sebuleni, akanikalisha mkabala na kibali chake cha ujenzi, ambacho amekitia fremu ya dhahabu pale ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Nikakisifu. Akanisimulia historia yake yote, tangu ramani hadi mhuri. Nikasikiliza yote. Chai ilikuwa nzuri lakini.

Ndipo nikamweleza shida. Aliinuka, akarudi na simu. Picha alikuwa amezihifadhi kwa ajili ya mahakama. Msingi upo. Nondo zipo, zimefungwa waya moja moja. Zege lipo, na mimi nipo pembeni nakula ndizi. Kuta, linta, kenchi, mabati mapya yakimetameta. Mwisho kabisa nipo na ndoo ya mtindi, nimetabasamu.

Nilimwuliza kama atakubali kunisaidia. Akasema yeye alitaka kanuni zifuatwe, hakutaka bibi wa watu akose pa kulala. Na uongo kwamba jengo ni la zamani unamdhalilisha yeye, maana aliripoti jengo jipya. Tumepeana mikono. Kiganja chake kina alama ya futi.

Ijumaa, 15 Machi

Mkaguzi alizitazama picha zote, kisha akaja kuutazama ukuta upya. Akaukwaruza ufa kwa kucha. Mkaa ukabaki kidoleni. Akaniuliza kazi yangu ni nini hasa.

Uamuzi: X inafutwa. Nilete ramani na maombi kama watu wengine. Nifukue pembe moja ya msingi azione nondo kwa macho yake, maana picha peke yake haitoshi. Dirisha nilipanue, hewa haitoshi kwa mtu kulala. Mabati ya kutu yaondoke. Kuhusu mpaka, Futi alipima mwenyewe, mara mbili, akatangaza kwa masikitiko kwamba umbali unatosha, na upana wa kiganja umezidi.

Mabati yangu mapya nimeyakuta kwa yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Safari hii hakunipa mkono.

Jumamosi, 30 Machi

Kitandani! Naandika nikiwa nimeegemea mto wangu mwenyewe, na mke wangu ananiambia nisogee, na sijawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Kibali kimetoka. Kusema kweli kimetoka upesi na bila harufu. Fundi amerudi, lipu ni laini kama sahani, na sasa anamwambia kila mpita njia kwamba ni kazi yake. Mama mkwe amehamia leo asubuhi. Dirisha lile pana limempendeza mno, anauona uwanja wote na ngazi ya Futi pia, na wameshaanza kusalimiana. Alinishika mkono akaniita mwanangu wa kumzaa. Nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Mkaguzi alipokuja mara ya mwisho alinirudia neno moja kila alipomaliza ukuta: siku nyingine, kibali kwanza. Nikamwahidi, na nimelielewa somo barabara.

Jioni mama mkwe amedokeza kwamba kwa magoti yake bafu la ndani ni mbali. Kuna nafasi nzuri kati ya chumba chake na jiko. Fundi anasema Jumapili ana nafasi, na mtindi umebaki nusu ndoo. Mara ile kosa langu lilikuwa moja tu, nilikizeesha mno. Bafu nitalifanya la makamo.