Bunduki Iliyozaliwa Baada ya Nyati

Kwa Baba Mkwe Mtarajiwa,
Nyumbani kwako, chumba cha mbele.

Shikamoo Mzee.

YAH: BUNDUKI YAKO KUZIDIWA UMRI NA NYATI WAKE

Kichwa cha barua kimekwisha kulisema jambo lenyewe, kwa hiyo naomba ukae kwanza ndipo uendelee kusoma.

Jumapili ulinikabidhi bunduki ya kuwindia ya marehemu baba yako, pamoja na kitambaa chake cha kufutia. Ukaniagiza nitafute mwaka iliotengenezwa na aina yake, ili fundi achonge kibao cha kutundika chini ya zile pembe za nyati kabla wazee wangu hawajaja kuleta posa. Nilipokukumbusha kwamba mimi ni karani wa Idara ya Maji, na kwamba chombo kizito kuliko vyote ninachokitumia kazini ni mhuri, ulisema, "Wewe si umesoma? Hiyo ina maandishi. Isome." Kisha nikiwa mlangoni ukaongeza, "Na usiniletee uongo. Binti yangu simpi mwongo."

Mzee, nimeisoma. Ninaandika badala ya kuja mwenyewe kwa sababu bunduki niliirudisha jana, na nilipofika nyumbani ndipo nikatambua kwamba ilifaa itangulie barua, kisha bunduki.

Kuhusu ukaguzi: niliilaza juu ya meza yangu ya kulia, mdomo ukielekea mkono wa kulia, kwenye ukuta mtupu, kwa kuwa ukuta wa kushoto una jirani mwenye watoto. Ulinihakikishia kwamba haina risasi, nami nakuamini. Ila bunduki yenyewe hatukuwa tumezoeana, kwa hiyo sikuigeuza hata mara moja. Maandishi mengi yamelika kwa jinsi unavyoisugua. Niliweka karatasi juu ya chuma, nikapaka penseli, ikajitokeza namba 80691, na kando yake alama ya kiwanda: nyota ndani ya duara. Nikaazima maktaba kitabu kinene cha bunduki za zamani. Malalamiko yangu, ambayo yote ni dhidi ya bunduki na hakuna hata moja dhidi yako, ni haya:

1. Bunduki ilitengenezwa kizembe. Katika kitabu, nyota ya kiwanda imesimama wima. Ya kwako imesimama kichwa chini. Kwa kiwanda chenye sifa kama kile, nimesikitika.

2. Bunduki ni changa. Sote tunajua kwamba baba yako alimwangusha nyati kwa risasi moja, asubuhi ileile uliyozaliwa wewe, na ndiyo maana wenzako wanakuita Nyati hadi leo. Lakini kitabu kinasema namba za themanini elfu zilitoka kiwandani mwaka uleule ulioandikwa kwenye cheti chako cha darasa la saba, kile cha sebuleni. Maana yake nyati alikufa, akakaa miaka kumi na minne, ndipo ikatengenezwa bunduki iliyomuua. Nimejaribu kumtetea kila mhusika. Nimeshindwa.

3. Aina yake haisaidii. Kufikia namba hizo, kiwanda kilikuwa kimeacha bunduki nzito na kugeukia nyepesi, ambazo kitabu kinazipendekeza kwa sungura, kanga na, mpigaji akiwa karibu sana, paa. Nyati hakutajwa. Ili aanguke kwa risasi moja ya bunduki hii, nyati mwenyewe angelazimika kutoa ushirikiano mkubwa.

4. Nilifikiria kumsogeza nyati mbele, afe baada ya bunduki kupatikana. Tatizo, yeye na kuzaliwa kwako ni asubuhi moja. Akisogea naye, umesogea nawe. Nimepiga hesabu. Utakuwa ulioa ukiwa na miaka kumi na mmoja, jambo ambalo Mama atatakiwa kulieleza kwa ndugu zake. Ofisi iliyokustaafisha mwaka jana itakutaka urudi kazini. Na mdogo wako, yule tunayemwita Ba Mdogo, atakuwa kaka yako. Yeye ndiye atakayekaa kiti cha katikati kupokea posa, na wewe ndiye utakayemwamkia. Mzee, Ba Mdogo ndiye ambaye kila ukianza hadithi hii husema, "Kaka, nyati gani? Si yule aliyegongwa na lori la mbao?" Nawe humjibu, "Ulikuwepo? Wewe hata kuzaliwa ulikuwa hujazaliwa." Kwa hesabu hii mpya, atakuwa alikuwepo.

5. Bunduki inanionea mimi binafsi. Nikiandika ukweli kwenye kibao, nitakuwa nimekuaibisha mbele ya wazee wangu, na binti nitamkosa. Nikiandika uongo, mimi ni mwongo, na binti nitamkosa. Sijawahi kuona silaha isiyo na risasi ikimlenga mtu pande mbili kwa wakati mmoja. Hata kazini nimeharibu: juzi nilimwandikia mteja notisi ya kukatiwa nyati.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, ninaomba unipatie kibali cha maandishi cha kudanganya. Kiwe cha mara moja, kwa jambo moja, katika nakala mbili zenye sahihi yako, na kitaje mwaka unaoupenda. Kwa njia hiyo uongo utakuwa wa kwako, na mimi nitakuwa nimetii tu. Ikishindikana, kibao kisomeke: "Bunduki. Ya zamani kidogo." Neno "kidogo" tunaweza kulijadili. Na ikishindikana hata hilo, naomba jibu lako lije kwa posta, usilete mwenyewe.

Nisalimie Mama. Nisalimie Ba Mdogo, bila kumwonyesha barua hii. Binti yako naye mfikishie salamu, za kiwango kinachoruhusiwa kabla ya posa.

Mimi, ninayekuheshimu kutoka umbali unaofaa,

Karani, Idara ya Maji.

Baada ya sahihi: Binti yako amepita kuchukua kitambaa cha kufutia, ambacho nilisahau kukirudisha. Amekaa ng'ambo ya meza, upande ambao mimi sikuthubutu kukaa, akaitazama ile karatasi ya penseli pale ilipo. Amesema, "Mbona nyota iko sawa?" Kisha akaisoma namba kwa sauti: 16908. Nimezunguka meza. Ni kweli. Kitabu kinasema hiyo ni bunduki nzito ya wanyama wakubwa, na ilitoka kiwandani wewe ukiwa hujazaliwa na baba yako akiwa kijana.

Malalamiko yote matano nayafuta. Kibali hakihitajiki. Kiwanda hakina kosa, Ba Mdogo hakuwepo, na nyati namwomba radhi. Nilitaka kuichana barua hii, lakini binti yako ameisoma mpaka mwisho, amecheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha bunduki, na amesema nikiichana nitafute mwingine wa kuoa. Anasubiri nimalize mstari huu aje nayo kwako. Wakati unasoma, naomba bunduki ibaki ukutani.