Kuku wa Chokoleti

Jumatatu, 6 Februari 1911
Filemoni wa stesheni kapeleka sukari kwa kina Elina. Mfuko mzima! Mama Elina kamsifu mbele ya kisima kizima. Sawa. Jumapili mshenga wangu, Mzee Semboja, anapeleka posa yangu kwa Elina, na nitamfunika Filemoni kwa chokoleti. Sifui bure nguo za Wajerumani wa shamba la mkonge. Nimemwona bibi wao akiiyeyusha, akiimimina kwenye kalibu za bati, wakatoka samaki wa chokoleti. Kanipa kipande kikubwa kilichoota weupe kwa kukaa sana. Sina kalibu tu.

Jumanne, 7
Kalibu hata ya udongo inafaa. Udongo mzuri uko kwa Mama Elina, mfinyanzi. Kila Mshambaa anajua mwanamume hakanyagi wanakofinyanga wanawake; vyungu hupasuka. Nimelifikiria sana. Nadhani ni kwa mwanamume anayeonekana. Nikangoja waende kula. Nikafinyanga kalibu ya kuku, maana Mzee Kaleb, babake Elina, anapenda kuku. Udongo ukaniishia kwenye mguu wa pili. Basi, kuku wa mguu mmoja. Nikaichomeka katikati ya vyungu vinavyosubiri moto. Kuni zao, akili zangu.

Jumatano, 8
Vyungu vimepasuka vyote. Vilikuwa vya soko la Jumamosi. Wanawake wanalia. Kwenye majivu kimebaki kizima kitu kimoja: kalibu yangu! Nikaona fahari, nusura niseme. Mama Elina kaichukua, kasema mwenyewe atajulikana na atatoa mbuzi wa tambiko. Nikampa pole, nikamdokeza kuwa viatu vya Filemoni vina udongo.

Ijumaa, 10
Kina Elina wako shambani. Kalibu ilikuwa jikoni kwao. Si wizi, ni yangu. Nimeyeyusha chokoleti, lakini kwa joto hili imegoma kuganda, imelala kama uji. Nikachanganya mafuta ya mbuzi. Ikawa ngumu kabisa. Nimetoa kuku wadogo wawili safi, kishungi mpaka mkia.

Jumapili, 12
Mzee Semboja alisema mposaji hukaa kwao. Nikaenda, nani angebeba sahani? Akasema maneno mazuri, nikafunua. Mzee Kaleb akatia kuku mzima mdomoni. Mafuta yakamganda kwenye kaakaa. Mshenga akauliza kama posa imepokewa, mzee akaguna tu. Nikahesabu kuwa ni ndiyo.

Kumbe Mama Elina alikuwa anamgeuzageuza wa kwake kiganjani. Akaniuliza, kwa upole ulionitisha, mguu wa pili uko wapi. Nikajibu bila kufikiri kwamba udongo uliisha.

Elina akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwona mama yake anafuta machozi, akaacha kucheka, akaniangalia, akaingia ndani. Hilo limeniuma kuliko yote. Nampenda yule binti.

Jumanne, 14
Nimetoa mbuzi. Posa yangu imerudishwa. Filemoni kakubaliwa, harusi baada ya mavuno. Nimelia kidogo, halafu nimejichunguza kwa haki, bila kujipendelea. Kosa ni udongo. Ule wa pale hauvumilii moto. Na harusi ile itataka kitu kitamu, Elina akionja atajua alichokosa. Nasikia mama yake Filemoni, kule Mnyuzi, naye ni mfinyanzi, na mchana huenda kula mapema.