Msafara wa Njiru, Bila Kulipa

Alhamisi, 12 Juni 2025

Msafara wa baiskeli Jumapili! Jericho hadi Njiru na kurudi. Ada elfu mbili. Elfu mbili nipande baiskeli yangu, kwa miguu yangu, kwenye barabara ninayosambazia mikate kila siku! Silipi. Jirani yangu Matheka amelipa. Amepita mlangoni mara tatu na nambari 47 kifuani, eti anatafuta paka. Hana paka.

Nimemweleza mke wangu, Triza, kwamba kuingia bila kulipa si wizi, mradi mtu ana adabu. Hugusi maji yao. Huingii kwenye picha. Huulizi chakula ni saa ngapi. Triza amesema adabu ni kubaki nyumbani.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeng'oa kreti ya mikate kwenye keria. Baiskeli iko uchi. Nimejaribu kaptura ya Triza ya mazoezi, ile ya kubana. Imefika magotini ikagoma. Nitavaa suruali ya kawaida, niichomeke ndani ya soksi.

Nimejifunza kusalimu kama waliolipa: kidole kimoja, bila tabasamu.

Jumapili, 15 Juni

Nimeingia! Nilijibanza kwenye kona ya soko, wakapita kama mia hivi, nikajichomeka katikati. Kidole kimoja huku, kidole kimoja kule. Raha!

Penye maji nikakumbuka adabu. Lakini kiu haina adabu. Chupa moja tu. Ya pili ilikuwa ya kusukumia ndizi.

Matheka akaniona. Akamwita Bi Wanza, mwandalizi. Mama mpole. Akaniuliza nambari yangu iko wapi. Nikasema imeanguka. Akauliza ilikuwa ngapi. Nikasema arobaini na saba. Ndiyo pekee iliyonijia kichwani! Matheka akajipiga kifua, nambari ikalia kwacha.

Nikaambiwa nirudi nyumbani. Nikabaki nyuma, taratibu. Barabara ni ya umma.

Kufika Njiru, pikipiki iliyowaongoza ikapata pancha. Matheka akajitolea kuongoza. Kwenye njia panda akakata kushoto, na wote wakamfuata. Kushoto! Kule ni mteremko, halafu machimbo ya mawe. Uzio uliibwa zamani.

Nikapita uchochoro wa nyuma ya vibanda, ule wa mikate, nikatokea mbele yao. Nikalaza baiskeli katikati ya njia.

"Simameni! Mbele kuna shimo!"

"Toka barabarani!" Matheka akafoka. "Wewe hujalipa!"

Lakini alifunga breki. Akaserereka, akasimama gurudumu likiwa karibu kunigusa. Nyuma yangu zilibaki hatua kumi. Jiwe moja likabingirika hadi ukingoni, likapotea. Tulilisubiri. Tukalisikia likifika chini baada ya muda mrefu mno.

Hakuna aliyeuliza habari za ada. Bi Wanza alinishika mkono. "Tuongoze, kaka," akasema.

Nikawaongoza! Watu mia nyuma ya suruali iliyochomekwa soksi! Kila duka likapaza sauti: "Niaje, Mkate!" Nikasalimu kwa mikono yote miwili, nusura niingie mtaroni. Jericho nikaingia wa kwanza. Kwenye picha niko katikati, mbele. Pilau sahani mbili. Matheka aliniletea soda mwenyewe. Nikasogea, akakaa.

Jumatatu, 16 Juni

Bi Wanza amekuja hadi nyumbani. Ameniletea nambari ya msafara wa mwezi ujao, bure kabisa, pamoja na cheo: Kiongozi wa Njia. Triza amefurahi. Amesema sasa nitaendesha kama watu, bila kujificha. Nimemwambia hilo nimelielewa vizuri sana.

Kisha nikaipeleka nambari kwa Lorraine, mwenye mashine ya fotokopi. Ametoa nakala tano, za rangi. Nne ni za shemeji zangu wa Mathare. Ya tano ameiomba Matheka, kwa aibu kidogo.

Watu sita, nambari moja. Katika msafara wa watu mia, nani atatazama?