Siki, Zebaki na Ukurasa wa Saba

Jumatatu, 4 Machi

Barua imefika. Bahasha nyembamba. Ofisi ya hataza, ile inayotoa hati za kumiliki uvumbuzi, ikikubali ombi la mtu humpelekea bahasha nene, yenye mihuri ndani. Niliiweka mezani, nikanywa chai kwanza. Chai ikaisha. Nikaifungua.

Ombi langu linaelekea kukataliwa! Miaka saba ya mapipa, moshi na kikohozi.

Nifafanue, kwa ajili ya kumbukumbu. Maji yenye zebaki, kama ya mto unaopita chini ya machimbo ya dhahabu, hayasafishiki kwa kuchemshwa wala kwa kuchujwa na kitambaa. Lakini zebaki ikikutana na salfa hushikamana nayo, haichomoki. Hilo kila mwanakemia analijua. Changu mimi ni hiki: unachukua mkaa wa magunzi ya mahindi, unauloweka kwenye siki siku mbili, ndipo unautia salfa. Bila siki, mkaa hunasa nusu ya zebaki. Kwa siki, karibu yote. Siki! Nani angedhani?

Mkaguzi wa hataza anaandika kwamba yupo aliyedhani. Njia hii ilichapishwa miaka minne kabla sijaleta ombi. Na jambo lililokwisha kuchapishwa si jipya. Na lisilo jipya halipewi hataza. Mwizi huyu ni nani? Nikabadili miwani. Jarida la Chama cha Walimu Wastaafu, toleo la tatu, ukurasa wa saba.

Mwandishi ni mimi.

Nikamweleza mke wangu. Akauliza kama mtu anaweza kujiibia mwenyewe. Nikamwambia kisheria anaweza, nikaanza kumfafanulia namna inavyokuwa. Akasema ana nguo za kuanua. Akiwa mlangoni akanikumbusha makubaliano yetu: hataza ikishindikana, mapipa yanatoka chumba cha nyuma na cherehani yake inarudi. Kikao cha kujitetea mbele ya mkaguzi ni Jumatatu ijayo.

Jumanne, 5 Machi

Nina mpango! Jambo haliwi limetangazwa kama halijamfikia mtu. Jarida lile lilimfikia nani? Tulichapa nakala thelathini. Ishirini na tisa ziliishia chini ya masufuria ya wastaafu. Moja niliipeleka maktaba ya umma mwenyewe. Kama hakuna aliyewahi kuiazima, nitasema haijasomwa na binadamu. (Sheria kwa kweli inasema "kupatikana", haisemi "kusomwa". Nimeamua kutoligusa hilo.)

Maktaba. Ngazi, ngazi, ngazi. Mkutubi, binti wa sauti ya chini, akanitolea kadi ya kuazimia. Nilitarajia kadi tupu. Imeazimwa mara kumi na nne! Nakiri, moyo uliruka kwanza kwa furaha. Wasomaji kumi na wanne! Nikaangalia majina. Jina moja tu, mara kumi na nne. Langu. Nilikuwa naiazima kwenda kuwaonyesha watu.

Mkutubi akasema ananikumbuka vizuri. Mara ya tano nilimsomea na yeye, mwanzo hadi mwisho, huku ana foleni ya watu. Akasema, tena kwa heshima, "Niliielewa yote, babu, mpaka leo nakumbuka ile siki." Nikamwomba asikumbuke. Akasema atajaribu.

Alhamisi, 7 Machi

Jana sikutoka. Magoti. Leo mpango wa pili, ulio bora kuliko wa kwanza.

Nimesoma sheria yote, na tanbihi zake. Chapisho huzuia hataza pale tu fundi wa kazi hiyo anapoweza kulisoma akaifanya kazi. Kama limeandikwa hovyo kiasi kwamba fundi hatoki nalo popote, ni kama halipo. Basi kazi yangu ni ndogo: nithibitishe kwamba makala yangu ni ya hovyo.

Nimeirudia kutafuta kasoro. Sikuiona. Makala nzuri kweli. Aya ya tatu hasa.

Kwa hiyo nahitaji shahidi, mtu wa maabara asiyeelewa ninachoandika. Yuko mmoja tu. Shemeji, kaka wa mke wangu, miaka thelathini fundi wa maabara katika kiwanda cha rangi, na katika miaka hiyo yote hajakubali hata siku moja kwamba nina akili. Nikaenda kwake kwa miguu, nikimeza kiburi njia nzima.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza kama kweli nimekuja kumwomba aseme mbele ya serikali kwamba sieleweki. Nikasema ndiyo, shemeji. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamwita mkewe atoke ndani aje asikie. Nikarudia.

Amekubali. Amesema wala nisimshukuru, maneno hayo amekuwa akiyasema bure tangu siku ya harusi yetu.

Jumamosi, 9 Machi

Mazoezi, sebuleni kwetu. Nilimwomba shemeji maelezo ya nusu ukurasa. Ameleta kurasa tano. Anasema makala yangu inazunguka kama kuku aliyefungwa mguu, na kwamba mimi ninaweza kueleza maji mpaka yakauke. Nikamwambia lugha ya kitaalamu ingetosha. Akasema hiyo ndiyo ya kitaalamu, ile nyingine ameiacha nyumbani. Nimemsikia mke wangu anacheka jikoni. Cherehani ameshaipangusa vumbi!

Wote wawili wamenipa agizo moja: Jumatatu nikae kimya. Mke wangu ameshauri nishike maji mdomoni kikao kizima. Nimeona ni dharau. Nina miaka sitini na tisa, kunyamaza najua.

Jumatatu, 11 Machi

Ghorofa ya nne. Lifti mbovu. Shemeji alipanda akipiga mluzi.

Chumba kidogo. Feni inayopeperusha karatasi, hivyo kila rundo limekandamizwa na kitu: stepla, kikombe, jiwe. Mkaguzi ni mama wa makamo, mwanakemia hasa, macho yamechoka kama yangu. Faili langu lilikuwa limejaa vikaratasi vya rangi kila upande. Amelisoma lote! Hata mke wangu hajalisoma lote. Niliguswa.

Shemeji akaanza. Akasema ameisoma makala mara tatu na bado hajui kinacholowekwa ni mkaa au ni mwandishi. Mkaguzi akafunika mdomo kwa kalamu, kisha akaandika. Mambo yanakwenda! Akamuuliza, kwa hiyo fundi mwenye uzoefu hawezi kujua siki inaingia lini? Shemeji akasema hawezi, hata akifunga na kuomba. Aya ya tatu ni giza tupu.

Aya ya tatu!

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa muda wa pumzi mbili, naweza kuapa. Kisha nikajikuta nimesimama. Nikasema samahani, aya ya tatu iko wazi kabisa. Nikaisoma. Nikaeleza siki kiasi gani, siku ngapi, na kwa sababu gani. Nikaomba karatasi, nikachora pipa kwa pembeni na kwa juu. Nikamgeukia shemeji: haya, wapi hapo hujaelewa? Shemeji akakuna kichwa. Ana ubaya wake, lakini kudanganya ana kwa ana hawezi. Akasema ikisomwa taratibu hivyo, hata mtoto wa shule anaifanya.

Nikasema, "Umeona!"

Mkaguzi akafungua tena ukurasa wa saba.

Mkaguzi akaniuliza kwa upole kama nimeongeza neno lolote lisilokuwamo kwenye makala. Nikasema hata moja. Akaandika na hilo.

Limekataliwa.

Alipokuwa anafunga faili akasema kuna kitu kimemsumbua wiki nzima: mkaa uliokwisha kunasa zebaki, ninaupeleka wapi? Huo sasa ni sumu yenyewe. Makala haisemi. Ombi halisemi. Nikamwambia hilo nimelitatua mwaka huu, mkaa naurudishia uhai na zebaki naitoa kwa—. Akanyoosha kiganja usoni kwangu. "Mzee, usiniambie. Usimwambie mtu yeyote. Nenda kaandike fomu mpya, ilete dirishani ipigwe muhuri, ndipo uongee mpaka uchoke." Aliyarudia mara tatu, kama anayemwelekeza mgonjwa dawa.

Kwa hiyo bado iko nafasi! Mke wangu amekubali kunipa siku chache. Shemeji njia nzima mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

Jumatano, 13 Machi

Fomu tayari, kurasa nane. Siku mbili sijamwambia mtu kitu. Jana mke wangu alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Leo nimeipeleka mwenyewe. Namba yangu sitini na moja, dirishani wanahudumia ya arobaini na nne. Benchi la mbao. Jirani yangu wa benchi, fundi bomba aliyekuja na koki ya kujifunga yenyewe, akauliza, mzee, wewe umeleta nini? Nikasema siruhusiwi kusema. Nikakaza midomo. Akaniangalia, akaangalia fomu, akasema kwa huruma kwamba si kosa langu, wavumbuzi wengi hawajui kueleza walichokivumbua.

Mimi! Nisijue kueleza!

Nilianza kwa kifupi. Benchi la mbele likageuka. Mama mmoja akauliza kuhusu moto, swali zuri sana, nikalazimika kuingia kwa undani. Waliochelewa wakaomba nianze upya, nikaanza upya. Nikachora nyuma ya kalenda ya ukutani. Wawili walirekodi kwa simu, nikawaambia wasogee ili sauti isikike. Namba sitini na moja iliitwa, nadhani, nilipokuwa kwenye vipimo vya joto. Kisha dirisha likafungwa.

Si neno. Fomu nitairudisha kesho. Watu kumi na saba, na hakuna hata mmoja ambaye hakuelewa.