Safari Niliyoiamua Mwenyewe

Jumatatu, 14 Julai

Nimeishi miaka sabini na miwili, na leo binti yangu Rachida amenifichia ufunguo wa pikipiki. Pikipiki yangu! Kisa, wiki iliyopita niliingia kidogo katika shamba la mihogo la jirani yetu Salomon. Kidogo tu. Mihogo yenyewe imepandwa karibu mno na njia. Rachida anasema macho yangu yamechoka. Kaka yake Iliasi, aliyeko Kindu, amekubali kwa simu. Mimi sikuulizwa. Nilipokuwa na miaka thelathini niliamua nioe nani, nijenge wapi, nipeleke bidhaa gani soko la Nyangwe. Sasa naulizwa kama nimekunywa dawa.

Salomon hakunitetea. Amenizidi miaka mitatu, wanawe wanamkata kucha, naye anatabasamu. Aibu.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata njia. Nitakwenda Wamaza kwa dada yangu Mwanvua. Ana miaka themanini, na hajazaliwa wa kumwamrisha. Huko mtu mzima bado ni mtu. Simwambii yeyote.

Nimepatana na Pitchou, mwenye pikipiki ya kubeba abiria pale sokoni. Akauliza kama Mama Rachida, ndivyo anavyomwita binti yangu kwa heshima, anajua. Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyemzaa Rachida, si yeye aliyenizaa. Akatabasamu, kwa namna nisiyoipenda.

Alhamisi, 17 Julai

Nimetoroka asubuhi, nikiaga kwamba nakwenda kununua chumvi. Vumbi la kiangazi, upepo usoni. Nikajiona kijana.

Tulipopumzika, Pitchou akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na sweta langu, dawa zangu za presha na wali uliofungwa kwenye majani. Nikauliza vimetoka wapi.

"Mama Rachida alinipatia jana," akasema bila haya. "Alisema muzee asipande mulima bila kula."

Jana! Jana mimi mwenyewe nilikuwa bado nasitasita. Kumbe nimetoroka kwa ruhusa. Wali niliula, lakini kwa hasira.

Ijumaa, 18 Julai

Wamaza ni kubaya zaidi. Dada aliitazama miguu yangu, akaniambia nikanawe kabla ya kuketi, kana kwamba nina miaka saba. Hilo ningelivumilia. Lakini yeye mwenyewe haamui kitu! Chadia, mke wa mwanawe, ndiye mwenye nyumba sasa. Akimuuliza wapike nini, wauze kuku yupi, msimu ujao walime wapi, dada anajibu, "Kama unavyoona wewe."

Baada ya sala nilimwambia Chadia, mbele ya wageni, kwamba anamdhulumu mama mkwe wake. Akajibu kwa heshima kwamba basi leo baba aamue. Niliamua papo hapo. Niliagiza mbuzi wote wafunguliwe, kwa maana mbuzi wa kamba hanenepi.

Jumamosi, 19 Julai

Mbuzi wamekula mpunga ulioanikwa uani. Chakula cha wiki mbili. Chadia alichukua ufagio akafagia uani, na hilo ndilo lililoniudhi. Dada alicheka hadi akashika mbavu.

"Mudogo wangu," akasema, "zamani nilishika kila kitu, mikono ikaniuma. Sasa naamua mambo mawili kwa siku: niseme nini, ninyamaze juu ya nini. Ingine yote inatembea bila mimi, na mimi nalala muzuri."

Nikamuuliza kama hajioni mzigo. Akasema alijiona hivyo mwaka mzima, alilia sana, kisha akachoka kulia. Akaniuliza mimi naogopa nini hasa.

Wamaza ina vumbi jingi, liliniingia machoni.

Jumapili, 20 Julai

Nimerudi nyumbani Kasongo. Njia nzima nilikuwa nikifikiri, na sasa mambo yako wazi. Dada amezeeka, maskini. Mtu anayesema "kama unavyoona wewe" kutwa nzima hawezi tena kujiangalia. Lazima apatikane mwenye akili timamu wa kumwamulia.

Nimeamua ahamie hapa. Atalala chumba cha nyuma, kuku wake watagawiwa majirani, na uji atakunywa saa moja kamili. Nimemweleza Rachida. Aliniletea maji na dawa zangu, maana yake amekubali. Pitchou ataondoka kesho asubuhi kwenda kumchukua.

Dada mwenyewe tutamwambia akishafika.