Mzee Karne na Operesheni ya Ngiri

Laurian alipofika kijiweni asubuhi moja ya mwaka 1975 na kusema kwamba operesheni inakuja, Mselemu muuza kahawa aliweka birika chini na kuuliza safari hii wanahamishiwa wapi. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu Operesheni Vijiji iwatoe kwenye maboma yao ya zamani na kuwapanga Kinyangiri mistari mistari kama mahindi, na nyumba ya Mselemu ilikuwa bado haijaezekwa upande wa nyuma. Laurian, balozi wa nyumba kumi, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu habari ikimwingia sikioni lazima itokee mdomoni, aliwatuliza. Hii ilikuwa operesheni ya kisu. Daktari bingwa atakaa Singida mjini majuma mawili, na wenye ngiri wote waende, ila wazee watapimwa kwanza, maana si kila mzee atapasuliwa.

Benchi zima likamgeukia Mzee Karne.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Philipo. Hilo la Karne alilipata kwa umri: kwenye daftari la kijiji, analolitunza Redio, ameandikwa miaka sabini na sita, na kwa umri huo hakuna aliyethubutu kumpa jembe la shamba la kijiji. Wenzake wakienda kulima, yeye hubaki na kikombe akisimulia alivyowabebea Wajerumani mizigo. Ngiri yake haikuwa siri. Akikohoa inatoka, akilala inarudi, na akitembea mkono mmoja haubanduki kinenani, kama mtu aliyeiba kuku akamficha ndani ya suruali.

Aliyeanza ubishi ni Antipasi, maarufu kama Dresa, yaani mfunga vidonda. Zamani alifagia wodi miaka miwili, na tangu hapo akajihesabu tabibu. Alisema mzee hapasuliwi. Nyama ya kijana hushika uzi kama gunia jipya, lakini mzee akikohoa mara moja tu mshono unafumuka na matumbo yanatoka kusalimia watu. Mselemu akapinga. Ami yake wa mjini alipasuliwa akiwa na sabini na nne, na baada ya miezi sita akaoa. Dresa akauliza huyo ami yuko wapi sasa. Mselemu akakiri kwamba ni marehemu, lakini aliuawa na ndoa, si kisu. Redio naye akauliza watu waliokubali kuhamia kijiji kinachoitwa Kinyangiri walitegemea kuugua nini kingine.

Karne alicheka pamoja nao, ila moyoni hakuwa na raha. Majuzi ngiri ilitoka ikagoma kurudi tangu asubuhi hadi jua la utosi, na akatapika. Febronia, mkewe, alimwambia wazi kwamba siku itakapogoma tena aandae sanda mwenyewe. Na lilikuwepo jambo jingine ambalo Febronia peke yake alilijua. Karne hakuwa na miaka sabini na sita. Siku karani alipopita kuandikisha watu na kutamka "shamba la kijiji", alijiongezea ishirini papo hapo.

Juma lililofuata alipanda lori la ushirika kwenda mjini, akisindikizwa na Redio aliyebeba barua ya kumtambulisha. Daktari alikuwa na mvi kichwa kizima. Aliisoma barua, akainuka kidogo kitini.

"Shikamoo, mzee."

Karne akaitikia marahaba, akavua suruali.

Daktari alimpima bila haraka. Akamweleza kwamba umri peke yake haumzuii mtu kupasuliwa. Kinachotazamwa ni moyo na kifua, na vyake vilikuwa vizuri kuliko alivyotarajia. Akauliza kama ngiri imewahi kugoma kurudi. Karne, akiwaza ule mshono wa Dresa, akasema haijawahi. Basi, daktari akasema, mtu wa sabini na sita hupona polepole, na vitanda ni vichache. Wenye miaka hamsini wanaolima watangulie. Yeye arudi nyumbani apumzike, na ikigoma aje mbio.

Karne alifika mlangoni akasimama. Lori lilipita Kinyangiri mara moja kwa juma. Angekuja mbio kwa miguu ipi? Alimtazama Redio aliyemngoja pale, mwenye daftari na mdomo usio na komeo. Kisha akageuka.

"Daktari, mimi nina hamsini na sita."

Daktari akamwonyesha barua.

"Imeandikwa nilivyosema. Wajerumani sijawaona hata mmoja, mama alinizaa wameshaondoka. Na hii ngiri majuzi iligoma nikatapika. Nimeficha kwa woga."

Daktari alivua miwani. Yeye alikuwa na hamsini na tisa.

"Kwanza nirudishie shikamoo yangu," alisema.

Karne akamwamkia. Daktari akaivuta marahaba yake hadi ikamtosha, ndipo akaandika jina la mgonjwa kwa siku ya pili yake.

Wodini alilazwa katikati ya watu wawili. Kushoto alikuwepo kijana mrina asali kutoka Rungwa, ambaye siku ya tatu alikuwa anazunguka akimalizia uji wa wenzake. Kulia alilala mzee wa Kintinku, mwenye sabini na minane ya kweli, aliyeletwa ngiri imeshanasa na utumbo umeanza kuharibika. Alipona, lakini majuma matatu hakuweza kukaa bila kushikwa.

"Miaka kumi nimekuwa nikisema mimi mzee, sipasuliwi," alimwambia Karne. "Na kila mwaka nikazidi kuwa mzee."

Karne mwenyewe alitembea siku ya tano. Kila kikohozi kilipomjia alikumbatia mto na kumlaani Dresa. Mshono haukufumuka.

Aliporudi kijiweni alikuta Redio ameshatangaza kila kitu, na jina lake limebadilika kuwa Nusu Karne. Waliuliza habari za Wajerumani mpaka wakachoka, ndipo akawasimulia ya wodini. Umri wake ulikuwa umesahihishwa daftarini: cheti cha daktari kilimpa miezi mitatu ya kutonyanyua kitu kizito, baada ya hapo ni jembe. Hakubisha.

Dresa peke yake hakutania. Benchi lilipopungua watu, alisogea na kuuliza chini chini kama yule mzee wa Kintinku alipona kweli. Karne akasema alipona, kwa taabu. Dresa akashusha pumzi, akasema naye anayo, tangu kilimo cha mwaka jana. Karne akamshangaa: mtu wa hamsini na mbili anaogopa nini?

"Sina hamsini na mbili. Nina sitini na tisa. Nilipunguza ili mke mdogo anikubali, na karani alipokuja kuuliza, mke alikuwa amekaa pale pale."

Msimu mzima alikuwa akilima mstari mmoja na vijana.

Redio alikuwa amesimama nyuma yao muda wote. Alilowesha penseli kwa ulimi, akafungua daftari, akafuta, akaandika, huku wale wawili wakimsubiri kama washitakiwa. Mwishowe akalifunga.

"Jembe moja limeingia, jembe moja limetoka," alisema. "Hesabu ya wakulima ni ile ile, ripoti ya wilayani siigusi."