Nilitelezea Virginia, Nikavunjikia Tennessee

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeketi vizuri, maana mimi naiandika nimelala ubavu. Naomba nafasi katika gazeti lako niulalamikie mstari wa rangi ya njano uliopita sakafuni mwa duka la Arvil Mullins. Kaskazini ya mstari ni jimbo la Virginia, kusini ni jimbo la Tennessee, na nyonga yangu imedhulumiwa hapo katikati.

Mwezi uliopita chupa ya achari ya matango ilipasuka upande wa Virginia. Arvil aliiona, akasema atapangusa akimaliza kusimulia alivyowinda bata mzinga. Hakumaliza. Nikayakanyaga maji yale ya achari, nikaruka kama malaika, nikatua Tennessee. Nyonga kwishnei. Kazi yangu ni kuwavisha farasi viatu, na farasi hakubali kuinuliwa mguu na mtu aliyelala. Nisipolipwa fidia, mimi na mke wangu Idella tutauza karakana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi. Akers, afisa wa bima ya duka, anasema ajali ni ya Virginia kwa sababu achari ilikuwa Virginia. Nikamwambia, "Mama, mfupa umelilia Tennessee, hata Idella ameusikia." Akanijibu, "Mzee Delmas, mfupa haupigi kura."

2. Kule Tennessee kosa hugawanywa kama mkate. Langu lisipofika nusu, nalipwa, wanakata kipande changu tu. Virginia, ukiwa na kosa la punje moja, huambulii kitu. Hivi dhambi inanenepaje kwa hatua moja ya kaskazini?

3. Na punje yangu ni ipi? Adabu! Sisi watu wa milimani tukigonga kiti tunakiomba radhi. Nikiwa pale chini nilimwambia Arvil, "Samahani ndugu yangu, kosa langu, nimekuchafulia sakafu." Arvil kamsimulia Bi. Akers, naye kayaandika yote kuwa nimekiri kosa, mpaka ile samahani. Idella kanitazama, kasema, "Ungetukana kama marehemu baba yako, leo tungekuwa watu."

4. Kwa hiyo naiomba serikali ya Virginia, kwa unyenyekevu, iifute sheria hiyo. Ikishindwa, iusogeze mpaka wake uende nyuma ya rafu ya achari. Hata hilo likiishinda, iweke askari dukani wa kumgeuza kila mzee aelekee kusini kabla hajateleza. Na mchungaji wetu aruhusiwe kutufundisha matusi kila Jumapili, baada ya zaburi.

Nisalimie mkeo, wachapaji wako, na hata Arvil. Simchukii, achari yake ni tamu.

Wako kwa heshima na maumivu,
Delmas Crabtree

Nyongeza: Ndugu Mhariri, usiichape barua hii! Bi. Akers amefika sasa hivi kutaka sahihi yangu kwenye karatasi zake za bima. Kakanyaga ngazi yetu iliyooza, ambayo nimemwahidi Idella kuitengeneza tangu Pasaka, na kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Yuko kibarazani anapiga kelele, "Nitakushtaki, mzee wewe!" Lakini alikuwa anapanda huku akisoma simu, nimemwona dirishani kwa macho yangu, na nyumba yetu, Mungu asifiwe, yote iko Virginia. Sheria ya jimbo hili ni ya busara mno. Asiiguse mtu.